Usukani wa Gari la Maziwa

Haya, kaeni. Mwenye miguu inayouma ainyooshe, mwenye usingizi ajifinye, kwa sababu nasimulia mara moja tu na mwisho nitawauliza swali. Atakayesema hakusikia, hana ruhusa ya kuhukumu.

Palikuwa na watu watatu katika kijiji cha Ilevelo, juu kabisa milimani, kule ambako asubuhi ukungu haukuruhusu kumwona hata ng'ombe wako mwenyewe. Wa kwanza, Aneth Sanga, alikuwa na kipaji cha miguu. Ulikuwa mwaka wake wa tisa wa kuzibua mitaro ya barabara kwa jembe na sururu, na hapakuwa na jiwe wala shimo asilolijua. Wa pili, Tulizo Chaula, fundi wa pancha, alikuwa na kipaji cha vidole. Akilipapasa tairi anakwambia lilizaliwa lini na litakufa kwa ugonjwa gani. Wa tatu, Galusi Luvanda, konda wa gari la maziwa, mtu wa miaka arobaini na ushee, alikuwa na kipaji ambacho wengi hukicheka, nacho ni subira. Kazi ambayo wewe ungeifanya mara mbili ukaichoka, yeye aliifanya kila siku na hakuinung'unikia.

Wote watatu walijua kuendesha gari, na wote watatu walilitamani lile gari.

Lakini hadithi hii ni ya mzee Yusto Mahenge, dereva wa ushirika wa maziwa. Kwa miaka ishirini na sita alishuka mlima na madebe: kilomita arobaini za mawe na tope, kisha sitini za lami hadi kiwandani mjini, kisha njia ile ile kurudi. Sikio lake la kulia lilikuwa limekufa kwa kelele za injini. Goti la klachi halikukunjika vizuri, na mgongo tusiuseme. Alikuwa na ule uchovu ambao mtu hulala nao na kuamka nao.

Tena nyumbani kulikuwa na jambo. Mkewe, mama Tumpe, alikuwa ameanza kusahau. Kwanza alisahau chumvi kwenye mboga, watu wakacheka. Kisha akasahau njia ya kisimani, hakuna aliyecheka. Sasa asubuhi nyingine alimwita mumewe kwa jina la kaka yake aliyekwisha kufa. Mzee Yusto alitaka kitu kimoja tu duniani: akae nyumbani wakati zingali zipo siku ambazo mkewe anamjua. Siku hizo zilikuwa zinapungua, naye alikuwa anazimalizia barabarani.

Mtasema, si angeacha tu kazi? Hamuijui kanuni ya Ilevelo. Dereva aliyemtangulia aliacha ufunguo mezani akaenda zake. Binamu wawili wakaugombania, gari likalala wiki tatu, maziwa yakamwagwa hata mbwa wakayakinai. Tangu siku hizo wanachama walikubaliana hivi: dereva anayeondoka atamtaja mrithi mbele ya mkutano, na mrithi ni yule aliyelivusha gari katika siku yake mbaya kuliko zote. Sababu atoe yeye dereva. Sababu ikipingwa ikashindwa, anarudi kwenye usukani mpaka mkutano wa mwezi unaofuata.

Na siku mbaya zilikuwa nyingi, kwa sababu ya matairi. Walinunua ya tope, yenye kashata, yaani yale meno ya mpira, nene kama za trekta. Mlimani yalipanda bila shida, ila kwenye lami yalivuma mpaka abiria waliopewa lifti wakaomba kushuka, mvua ikinyesha yaliteleza, na baada ya miezi mitano kashata zote zilikuwa zimelika. Wakanunua ya lami. Huko kwenye lami ilikuwa raha tupu, lakini mlimani gari lilirudi kinyumenyume huku watu wakiruka.

Ndipo kamati ikakaa, ikafanya kosa ambalo kamati peke yake ndiyo huliweza. Wanachama wa juu walitaka matairi ya tope. Wanachama wa bondeni, wanaoishi karibu na lami, walitaka ya lami. Mwenyekiti akasema, "Ndugu zangu, tusigombane, kila upande upate haki yake." Basi mbele yakafungwa mawili ya lami na nyuma mawili ya tope, na watu wakapiga makofi. Siku ya pili, kwenye mteremko unaoitwa Punda Kagoma, mbele hakukushika, nyuma kukasukuma, gari likaingia mtaroni na madebe kumi na moja. Mzee Yusto alitokea dirishani, akakaa juu ya jiwe. Hakutukana mtu.

"Nimechoka," alisema.

Mwenyekiti, aliyekuwa amekuja kulitazama gari, akaangalia pembeni. Jioni ile kamati iliamua kwamba safari hii mzee atachagua mwenyewe. Mfuko wa ushirika ulitosha matairi matano ya bei ya kawaida, mara moja tu. Wakikosea tena, maziwa yatashuka kwa mgongo wa mtu.

Kesho yake mzee Yusto alimfuata Aneth mtaroni.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, baba. Shikamoo. Leo kwa miguu?"

"Marahaba. Nimekuja unisaidie. Nataka tairi litakaloshinda tope."

Aneth aliegemea mpini wa jembe. "Baba, tope ni la miezi mitatu, na lile baya nimeshalitolea njia ya maji. Kinachoua matairi yenu ni yale mawe meusi ya Punda Kagoma. Hayatoboi kwa chini, yanachana ubavuni. Twende ukaone."

Wakatembea, mzee akiburuta goti lake, mpaka jua likawa la utosi. Kila baada ya hatua kadhaa Aneth aliinama, akaokota kipande cha mpira kando ya njia. Vyote vilikuwa vya ubavu. Kwa miaka yote hiyo mzee Yusto alikuwa amepita juu ya mawe yale akilaani tope, na hakupenda kugundua hivyo katika umri wake. Lakini sasa alijua anachotafuta: kashata za wastani, za kushika udongo na kutulia kwenye lami, na ubavu mgumu. Bila Aneth angerudi na matairi yale yale ya trekta.

Jumamosi akaenda mjini na Tulizo. Duka la kwanza muuzaji aliwapokea kwa tabasamu, akawaonyesha matairi yanayong'aa.

"Nusu lami, nusu vumbi, wazee wangu. Mzigo mpya kabisa, na bei ya kuwasaidia."

Tulizo alilisogelea moja. Alichuchumaa, akapitisha kidole ubavuni mpaka kwenye tarakimu nne ndogo, akazisoma. "Ndugu yangu, hili limetengenezwa wiki ya kumi, miaka tisa iliyopita. Mmelipaka mafuta ling'ae."

"Lakini halijawahi kutembea hata hatua moja!"

"Mkate nao ukikaa kabatini haujatembea. Utaula?" Akalikunja kidogo kwa magoti, na vijiufa vyembamba vikajitokeza kila mahali.

Waliingia maduka sita. Kwingine matairi yalikuwa ya zamani, kwingine yalikuwa mapya lakini laini ubavuni, na yaliyokuwa mazuri bei yake ilitaka mtu auze ng'ombe. Katika duka la sita mzee Yusto alikaa juu ya rundo la matairi akafumba macho. Alikuwa tayari kuchukua lolote mradi arudi nyumbani. Tulizo akamwinua taratibu kwa kiwiko. "Moja tu la mwisho, mzee." Katika la saba, nyuma ya mabomba ya maji, yalikuwepo matano yenye vumbi, ya jina ambalo hata muuzaji alishindwa kulitamka. Yalikuwa yametengenezwa mwaka ule ule. Kashata zilikuwa za wastani na ubavu ulikuwa wa tabaka kumi, na kwa kuwa hayakuwa na jina, bei yake ilikuwa ile ile waliyokuwa nayo mfukoni. Bila Tulizo wangebeba maiti iliyopakwa mafuta.

Matairi yakafungwa, kila mtu akaona mambo yamekwisha. Galusi peke yake aliomba pampu ya mguu na kipimo cha upepo.

"Vya nini tena?" mwenyekiti aliuliza.

"Tairi lililojaa sana likikanyaga jiwe linadunda, halafu linachanika. Ukilipunguza upepo linakubali jiwe. Ila likifika kwenye lami halijajazwa, linachemka mpaka lipasuke. Kwa hiyo tunapunguza huku, tunajaza kule."

"Kila siku?"

"Kila siku, mwenyekiti."

Na kweli ilikuwa kila siku, kwa wiki kumi. Pale lami inapoanza, Galusi alishuka na kupiga pampu tairi moja baada ya jingine, wakati wa kurudi akachuchumaa na kuutoa upepo, mvua inyeshe isinyeshe. Abiria walisonya. "Galusi, tunachelewa!" Naye aliwajibu, "Tangulieni kwa miguu, tutawapita." Siku mwenyekiti alipoleta mifuko minane ya saruji ili ipakiwe juu ya madebe, Galusi aliishusha mmoja mmoja, akaipanga vizuri kando ya njia, akampa pole. Bila Galusi matairi yale yasingemaliza hata mwezi.

Siku mbaya ikaja mwezi wa tatu. Mvua ilikuwa imepiga siku nne mfululizo. Pale Punda Kagoma malori matatu yalikuwa yamekwama, na nafasi pekee ilikuwa pembeni, juu ya mawe meusi yenyewe. Mzee Yusto akaweka gia ndogo, akapanda juu yake polepole, akisubiri mlio wa mpira kuchanika. Haukuja. Kisha kwenye lami, kwenye kona ya mteremko, kundi la ng'ombe likatokea ghafla. Akakanyaga breki kwenye maji. Gari lilishika, likatetemeka, likasimama hatua moja kabla ya kundi, na ng'ombe mmoja akageuka akalamba taa.

Maziwa yalifika kabla hayajachacha. Mzee Yusto aliendelea kushika usukani hata baada ya kuzima injini. Hakuwaza maziwa. Aliwaza kwamba sasa siku mbaya imepita, sasa anaweza kwenda nyumbani, na machozi yakamtoka mbele ya Galusi bila haya.

Katika mkutano wa kwanza alimtaja Aneth. "Yeye ndiye aliyenifumbua macho. Asingenionyesha yale mawe, tungenunua upumbavu ule ule."

Tulizo akasimama. "Shikamoo mzee, sikatai. Lakini kujua unachotaka si kukipata. Kwa maneno ya dada Aneth tu mngenunua lile la miaka tisa, nalo lingepasukia pale pale mbele ya ng'ombe." Watu wakaitikia kwa vichwa. Sababu ikashindwa, na mzee akarudi kwenye usukani mwezi mzima.

Katika mkutano wa pili alimtaja Tulizo. Galusi, ambaye huwa hasemi, akasema, "Tairi zuri lenye upepo mbaya ni mzigo tu. Kaka Tulizo alifanya kazi Jumamosi moja. Mimi niliifanya kazi wiki kumi." Watu wakakubali kwa aibu, kwa sababu wengi wao ndio waliokuwa wakisonya. Sababu ikashindwa. Mwezi mwingine ukapita.

Katika mkutano wa tatu alimtaja Galusi, kwa sauti ya mtu anayeomba. Aneth akainuka, na ilionekana wazi kwamba hakupenda kuinuka. "Baba, nisamehe. Huo upepo angeujaza kwenye nini? Na siku ile malori yalikwama ila nyinyi mkapata pa kupita. Pembeni pale, nani alizibua mtaro ili pasimomonyoke?" Sababu ikashindwa, na hakuna aliyekuwa amesema uongo.

Jumatatu asubuhi mzee Yusto alikuwa ameketi garini akipasha injini moto. Galusi alikuwa nyuma akifunga madebe, Tulizo ameinama kwenye tairi la mbele, Aneth anapita na jembe lake begani. Mama Tumpe akatoka ndani na chupa ya chai, jinsi alivyofanya kwa miaka ishirini na sita, akaipitisha dirishani.

"Habari za asubuhi, dereva."

Mzee Yusto alimtazama sana. "Nzuri, mama."

"Huko mjini ukimwona mume wangu, mwambie arudi. Mwambie kazi sasa basi, namngoja."

"Nitamwambia," akasema mzee Yusto, na akaondoa gari, kwa sababu maziwa hayangoji.

Wote watatu walisikia. Wote watatu waliinamisha macho. Lakini hakuna aliyesema, "Mpeni mwenzangu," kwa kuwa kila mmoja alijua anayo haki, na ni kweli anayo.

Mkutano wa nne ni Jumamosi hii. Aneth aliijua njia, Tulizo aliyajua matairi, Galusi aliyatunza. Ukimwondoa mmoja, gari liko mtaroni. Je, wewe ungeamua vipi? Ungempa nani usukani, na ungetoa sababu gani ambayo haitashindwa? Sema wewe, na wewe uliye kule nyuma. Ila msiseme mngoje kwanza mfikiri, maana kila mnapongoja, mzee Yusto anashuka mjini safari nyingine.