Eda ya Mjane wa Kitabuni

Hapo zamani, katika kijiji cha Mihogoni, palikuwa na mtu akiitwa Mbaruku, maskini hohehahe, kazi yake kulima mpunga na kutunga riwaya. Kazi zote mbili alizifanyia juu ya dungu, kile kitanda kirefu cha miti cha kulindia shamba. Akiandika sentensi, akiona ngedere mpungani, hutupa jiwe, kisha hurudi kwenye sentensi yake. Wino wake ulikuwa masizi ya chungu, na watu wa kitabuni aliwasemea kwa sauti, hata wapita njia wakimwamkia mara hujibiwa na mganga, mara na bi arusi. Kila Ijumaa aliwasomea wanakijiji sura moja, nao wakampa mayai. Mkewe, Mize, alikuwa akisema, "Mume wangu si mwendawazimu. Angekuwa mwendawazimu tungepata sadaka."

Basi ikawa sura moja ya riwaya ile ikafika jumbani kwa Sultani Shihabu. Humo alikuwamo Zawena, mke wa mshona kofia, fundi wa samaki wa kupaka, mwenye ulimi mkali kuliko pilipili yake. Sultani akasoma, akameza mate, akasoma tena, na tangu hapo chakula cha jumbani kikawa hakimpiti kooni. Akapeleka askari wamlete Mbaruku.

"Namtaka huyu Zawena awe mke wangu," akasema. "Nakupa siku saba. Usipomleta, nalitwaa shamba lako, na hilo dungu lako nalifanya kuni."

Mbaruku akaanguka kifudifudi. "Ewe Bwana wangu, huyo ni mtu wa kitabuni!"

"Nani aliyemtia humo?"

"Mimi, Bwana."

"Basi aliyetia ndiye atakayetoa."

"Lakini ana mume, Bwana. Sefu, mshona kofia, mtu mpole asiyemkosea hata nzi."

"Muue!" akanguruma Sultani, na baraza zima likasikia.

"Nimesikia na kutii," akasema Mbaruku, akarudi kwao, maana pasipo shamba lile yeye na Mize wangekula nini? Akapanda dunguni, akamwaga machozi ya kweli, akaandika Sefu amesakamwa na mwiba wa samaki, akafa. Ijumaa alipoisoma sura ile kijiji kizima kililia. Majirani wakaweka matanga, na Mize akamfokea, "Kakukosea nini Sefu wa watu?" Asimpe chakula siku mbili.

Siku ya saba Mbaruku akaenda jumbani. Akamkuta Sultani amejifukiza udi, amepiga kilemba kipya.

"Yu wapi?"

"Yumo edani, Bwana. Mumewe amekufa kwa amri yako, na mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi."

Sultani akamgeukia kadhi. Kadhi akakohoa, akasema, "Ndivyo sheria ilivyo, Bwana. Hapana ndoa mpaka eda iishe."

"Basi andika kwamba miezi minne imepita!"

"Haifai, Bwana wangu," akasema Mbaruku. "Eda hukaliwa siku kwa siku, nami nitaiandika siku kwa siku, ngedere wakiniruhusu."

"Ngedere niachie mimi!"

Basi askari kumi na wawili wakapelekwa Mihogoni kufukuza ngedere na kuwinga ndege, na walipochoka kukaa bure, Mize akawapa majembe, wakapalilia. Ikawa mpunga wa mwaka ule ukazaa usivyopata kuzaa, na eda ilipokwisha, mavuno yote yalikuwa ghalani.

Siku hiyo Sultani hakungoja kuletewa. Akaenda mwenyewe na kadhi na wapiga ngoma, akasimama chini ya dungu. "Haya, mtoe!"

"Bado ridhaa yake, Bwana," akasema Mbaruku.

Kadhi akatikisa kichwa kukubali. "Mwanamwali, kunyamaza kwake ndiko kukubali. Mjane sharti ajibu kwa ulimi wake."

Mbaruku akafungua karatasi, akasoma kwa sauti ya Zawena, mkono kiunoni: "Mpeni Bwana salamu zangu. Mume wangu ameuawa kwa amri ya kinywa chake, naye hata matangani hakuja kunipa pole. Simtaki!"

Ngoma zikanyamaza. Sultani akawa mwekundu. "Mwongo wewe! Hayo umeyaandika mwenyewe! Zawena gani? Hayupo huyo!"

"Bwana wangu, kama yupo, amekukataa. Na kama hayupo, shamba langu lina kosa gani?"

Sultani akamtazama kadhi, na kadhi akatazama ngedere. Kisha mabega ya Sultani yakaanza kutikisika, akacheka hata kilemba kikamwangukia mabegani. Akatamka mbele ya wote kwamba shamba lile ni la Mbaruku milele, akatoa na ng'ombe wa hitma ya Sefu, kwa kuwa, alisema, damu ya mtu si maji, hata akiwa wa wino.

Hitma ikasomwa, masinia yakatandazwa. Sultani akamega tonge la wali na samaki wa kupaka, akafumba macho. "Ndiye huyu! Ndiye samaki wa kitabuni! Ni nani aliyempika?"

Mize akajitokeza mlangoni, mwiko mkononi. "Ni mimi, Bwana. Lakini mume wangu ndiye huyu hapa, tena hapendi kufa."

Sultani akalamba vidole, asiulize la pili.