Tone la Ishirini

Paukwa, mlio mbele na mlio nyuma!
Pakawa, tupo sote!

Zamani za kale, Kanga ndiye aliyemletea Nguchiro habari. Alisema Nyegere amepata dawa ya kukinga ule ugonjwa wa kifua uliokuwa ukiwaua wanyama. Kibuyu kimoja tu, matone ishirini. Nyingine itapatikana baada ya mvua.

Nguchiro alikuwa na mtoto mmoja. Akambeba mdomoni, akakimbia, chapu, chapu, chapu.

Kisimani, Nyegere alipokuwa akigawa dawa, akakuta foleni. Wanyama walijipanga kama wanavyojipanga kunywa maji: Tembo kwanza, Kifaru, Simba, mpaka wadogo huko mwisho. Nguchiro akahesabu vichwa. Matone yangeisha kabla hajafika.

Nguchiro alikuwa na haya. Lakini shimo lake lilikuwa kando ya njia. Alikuwa ameona nani anapita akikohoa, kho, kho, kho, na nani harudi. Akamweka mtoto chini.

"Samahani, Bwana Tembo. Kwenye maji mkubwa hutangulia. Ugonjwa huu unatangulia kwa wazee, na kwa Tumbiri wanaowalisha wagonjwa. Hao ndio sijawaona wakirudi."

Simba akauliza, "Na huyo mwanao, mama? Naye mzee?"

Wakacheka, kwa, kwa, kwa. Nguchiro akamtazama mwanawe. Alikuwa akivuta mkia wa Kanga, aliyekuwa amewafuata.

"Watoto huugua siku mbili, wakainuka," akasema. "Wangu atangoja mvua."

Kicheko kikakatika. Tembo akarudi nyuma hatua moja, puu. Akarudi nyingine, puu. Foleni nzima ikamfuata.

Nyegere akawapa wazee, akawapa Tumbiri. Likabaki tone moja. Tembo akasema hilo ni la mtoto wa Nguchiro.

Nguchiro alilitaka. Alilitaka sana. Lakini nyuma ya kichaka alikuwa amelala Nyati mkongwe, asiyeweza kusimama muda mrefu kwenye foleni. Ndiye aliyezoea kumfukuza majini akimwita kijiti chenye mkia.

"Babu Nyati hajapata," akasema. Nyegere akampelekea Nyati tone lile.

Asubuhi yake Nguchiro akaenda kisimani na mwanawe. Nyati alikuwa pale, amejaa ukingo mzima. Akamwona, akasogea.

"Pita, mama," akasema.

Nguchiro akamnywesha mtoto kwanza, taratibu, kisha akanywa yeye.

Wakubwa kwa wadogo, dawa ikiwa chache, aanze atakayeumia zaidi akiikosa, na anayemhudumia. Mwenye nguvu angoje zamu yake.

Hadithi yangu imekomea hapo kisimani. Mwenye kiu na achote.