Jinsi Ngiri Alivyofagia Msitu

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa wapi, wenzangu?

Pakawa msituni.

Msitu upi?

Ule unaovua nguo kiangazi, ukavaa nyekundu kabla ya mvua.

Basi sogezeni vigoda. Mwenye karanga amenye, mimi nasema.

Hapo kale, katika msitu wa miyombo na mininga, aliishi Sange mmoja jina lake Nyamizi. Sange ni mnyama mdogo. Ukimwona mbiombio utasema ni panya. Lakini panya hana ile pua ndefu inayochezacheza, wala hana mbio zile. Tena Sange ana kazi moja ambayo panya haijui: anafagia. Anafagia njia zake chini ya miti, jani kwa jani, paa, paa, paa, ili akifukuzwa akimbie bila kujikwaa na bila kusikika.

Nyamizi alizaliwa katika nyumba ya wafagiaji. Utotoni mwake walikuwa wengi: mama yake, dada zake saba, na yeye kitinda mimba. Wakati wa mvua msitu ulikuwa kijani mpaka macho yanauma, uyoga ukiinua vichwa kila mahali, mchwa wakinona, na hakuna aliyelala njaa. Mvua zikikatika kikaja kipupwe, asubuhi pua zikawa baridi. Majani yakawa manjano, yakawa kahawia, yakaanza kupukutika. Hapo mama anasema, "Wanangu, kazi imefika." Mama mbele, mabinti nyuma, paa, paa, paa, wanazungusha njia pana kuuzunguka mtundu, mti mkubwa waliokaa chini yake. Anayechoka anaimbiwa na mwenzake. Anayezembea anachekwa. Na mama hakuchoka kuwaambia, "Moto haujui kutembea juu ya mchanga mtupu."

Siku zile zilikuwa tamu, lakini zilikwisha. Mama alifariki. Dada zake waliolewa mabondeni, mmoja baada ya mwingine. Nyamizi akabaki na mtundu wake, na jirani mmoja tu, Mama Kobe, ambaye mwaka huo alikuwa amefukia mayai yake chini ya mtundu uleule, akingoja mvua ili watoto waanguliwe.

Mwaka huohuo akaja Ngiri.

Alitoka mbugani, nyasi za kwao zilipokwisha. Alikuwa na shingo nene na pembe mbili zinazotoka kinywani, zilizopinda kama mundu. Alichimba shimo lake karibu na mtundu, akatangaza: "Kilicho juu ya mti ni cha ndege. Kilicho chini ya majani ni changu. Nikimkuta mtu anafukua majani yangu, atanitambua."

Kindi alifukua jani moja kutafuta kokwa. Alirushwa juu, akatua kwenye miiba. Nyamizi alijaribu kufagia njia yake. Ngiri alimkanyaga mguu wa mbele, na tangu siku hiyo akawa anachechemea.

Majani yakaanguka. Yakaanguka. Yakaanguka tena. Kwa Ngiri yalifika kwenye kwato. Kwa Nyamizi yalikuwa ukuta.

Mchana mmoja Nyamizi aliinua pua, akaichezesha. Moshi. Ng'ambo ya kilima warina asali walikuwa wameacha makaa yao, na upepo ulikuwa ukivuma kuja huku.

Akaenda kwa Mama Kobe. "Mama, moto unakuja. Kwa upepo huu, kesho jioni uko hapa."

Mama Kobe alimtazama mguu. "Wewe kimbia, mwanangu. Hata kwa mguu huo utafika bondeni kwa dada zako."

"Na wewe?"

"Mimi hata ningeweza kukimbia, mayai hayana miguu. Nitakaa nayo."

Nyamizi alitazama ule mtundu. Kufagia kote kule kulitaka wafagiaji tisa na siku saba. Yeye alikuwa mmoja, mwenye miguu mitatu mizima, na siku moja. Akakaa akafikiri, pua inacheza huku, pua inacheza kule.

"Mama," akasema, "bado una yale matonga uliyoweka?"

"Yapo matatu."

"Nipe yote."

Mama Kobe alimpa. Matonga ni matunda yenye ganda gumu kama ubao, lakini ndani ni matamu, na Ngiri akinusa tonga husahau hata jina lake. Asubuhi, Ngiri alipokuwa shimoni akikoroma, Nyamizi na Mama Kobe walisukuma matonga chini ya majani, pale pale ilipopita njia ya zamani: moja hapa penye jiwe jeupe, moja kule, moja kule mbali zaidi.

Kisha Nyamizi akaenda mlangoni kwa Ngiri.

"Shikamoo, Bwana Ngiri."

"Marahaba. Umekuja kukanyagwa mguu wa pili?"

"Hapana, Bwana. Nimekuja kuomba. Naomba nifagie kidogo tu kuuzunguka mtundu. Ni kumbukumbu ya marehemu mama."

Ngiri akatoa kichwa nje. "Kumbukumbu gani iko chini ya majani?"

"Hakuna kitu, Bwana."

"Hakuna kitu?"

"Hakuna kitu kabisa. Ni urithi tu." Nyamizi akajiziba mdomo, kama mtu aliyeponyokwa na neno.

Ngiri akatoka mzima mzima. "Urithi. Uko wapi?"

"Bwana, nakuomba, usianzie pale kwenye jiwe jeupe."

Ngiri akaanzia pale kwenye jiwe jeupe. Pua chini, kwato nyuma, majani yakaruka: chaka-chaka, fuku-fuku, pu. Akapata tonga. Akalipasua, akala, utomvu ukamtiririka kidevuni.

"Kumbe. Lingine liko wapi?"

"Bwana, nakuomba, usifuate mkono wa kulia. Mama aliyapanga kwa mstari."

Ngiri akafuata mkono wa kulia. Chaka-chaka, fuku-fuku, pu. Mchanga mtupu ukabaki nyuma yake, mpana kama barabara. Akapata la pili, akala.

"Bwana, umekula mawili, niachie yaliyobaki."

"Kilicho chini ya majani ni changu." Chaka-chaka, fuku-fuku, pu. Akapata la tatu.

Nyamizi alikuwa akimfuata nyuma akilia. Mwanzoni alilia kwa ujanja, ili Ngiri azidi kuchimba. Lakini njia ilivyozidi kufunguka aliiona tena kona waliyopumzikia, na mzizi ambao dada yake mkubwa alikuwa akijikwaa kila mwaka, nao wakamcheka kila mwaka. Machozi yakawa ya kweli. Hakuyafuta.

"Sasa unalilia nini?" Ngiri akauliza.

"Nalilia kubwa kuliko yote, Bwana. Mama aliliweka mwisho wa mstari."

Ngiri alifukua mpaka jua likainama. Alifukua, akafukua, mpaka pua yake ikagonga jiwe. Akatazama. Lilikuwa lile lile jeupe.

Akageuka polepole. "Wewe mdogo. Umenizungusha."

Aliinua kwato ili amalize ule mguu wa pili. Kabla hajaishusha, kilimani kukasikika: vuuu, pata-pata-pata. Moto ulishuka ukila majani makavu, ndege wakipiga kelele juu yake. Ngiri aliruka akaingia ndani ya duara, akajibana kwenye shina la mtundu, katikati ya Sange na Kobe, akitetemeka mashavu.

Moto ulifika kwenye mchanga mtupu. Ulinyoosha ulimi upande huu, ukakosa cha kula. Ukanyoosha upande ule, ukakosa. Ukazunguka, ukaenda zake.

Majivu yakawaangukia.

Ngiri ndiye aliyeanza kusema. "Mnaona," akasema, akijikung'uta. "Kama si mimi, mngekufa."

Mama Kobe alifungua kinywa. Nyamizi akamwahi. "Kweli kabisa, Bwana. Hatujawahi kuona anayefagia kama wewe. Lakini mwakani utakuwa umechoka, najua hutaweza tena."

"Nani hawezi?" akasema Ngiri.

Na mpaka anazeeka, kila kipupwe, Ngiri alifagia.

Nami niliyaona majivu yamepoa, nikapita zangu. Funzo la ngano hii, watoto msilisahau, ni hili: usiseme uongo, maana nyumba ya mwongo huungua moto. Na mtu akiwauliza mbona ya Nyamizi haikuungua, mwambieni hamkusikia vizuri, mlikuwa mnamenya karanga.

Ngano yangu nimeitua. Anayeitaka aibebe.