Visiki vya Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba, mashamba na wajumbe kama sisi, palikuwa na Mama Pimbi asiyejua kutulia. Chakula alikila akitembea, na wageni aliwasalimia akipita. Na wewe unayecheka hapo, kwani wewe huwa unatulia?

Pimbi huyu alikuwa na shamba la mibuni aliloachiwa na bibi yake. Mibuni yenyewe ilikuwa mizee, mirefu kupita paa, majani mabichi masika na kiangazi, ila kuzaa ilizaa kwa kujivuta. Humo ndimo alimoishi na watoto wake sita. Kwingine hakuwa na hata pa kuweka chungu.

Asubuhi moja akasikia kishindo: tii! tii! tii! Ni Tembo na Nyati.

"Shikamoo, Mzee Tembo. Shikamoo, Bwana Nyati."

"Marahaba. Kahawa ya hapa tumeipenda," akasema Tembo. "Mwisho wa mwezi, siku ya baraza, tunamwambia Mjumbe shamba ni letu."

"Lenu?"

"Letu! Unabisha?" Nyati akakwangua ardhi kwa kwato.

Kubishana na Nyati ni kujichimbia kaburi. Pimbi akauzunguka mbuni mmoja mara tatu, kisha akasimama.

"Sibishi, wazee wangu. Ila nitahama na wanangu, na huko niendako kuna baridi. Niruhusuni nikate kuni."

"Kata zikutoshe!" Wakacheka, wakaenda zao.

Pimbi akatoa msumeno. Kwaru! kwaru! kwaru! Akaikata mibuni yote, akaacha visiki vya kimo chake mwenyewe, kila mkato wa mshazari ili maji ya mvua yasituame juu yake.

"Mama, unatuua!" watoto wakalia.

"Nyamazeni! Bibi aliniambia, mbuni uliochoka haufi kwa msumeno. Mvua ikinyesha unachipua upya. Bebeni kuni!"

Lakini usingizi ulimpaa. Je, mvua ikiwahi baraza? Wale wakubwa si wataona machipukizi? Kila kukicha akatazama mawingu, akakagua visiki, akarudi ndani, akatoka akakagua tena.

Na mvua ikawahi! Siku ya baraza, asubuhi, machipukizi haya hapa, ya kijani, kisiki baada ya kisiki.

"Yarabi! Wanangu, majani ya migomba! Makavu! Haraka!"

Mbio huku, mbio kule, wakafunika machipukizi shamba zima, vikaonekana vichwa vya visiki tu. Kikabaki kisiki kimoja tu, kando ya njia, majani yamekwisha, na kishindo hicho: tii! tii! tii!

Pimbi akakikalia.

Mjumbe Kakakuona akafika na daftari lake, Tembo na Nyati nyuma yake.

"Ala! Mibuni iko wapi?" Tembo akapiga yowe.

"Si mliniruhusu kuni, mzee?"

"Umeliua shamba! Vimebaki visiki!"

"Basi ni vyenu!" Pimbi akaangua kilio. "Mjumbe, waandikie. Wavichukue leo hii, waving'oe wenyewe!"

"Ning'oe visiki, mimi?" Nyati akang'aka.

"Huyu anatutwisha mzigo wake," akasema Tembo. "Hatutaki! Mjumbe, andika: shamba na visiki vyake ni vya Pimbi, wanawe na wajukuu zake."

"Na siafu watakaotoka humo wawe wake pia!" Nyati akaongeza.

Chipukizi likamtekenya Pimbi makalioni. Hakusogea.

Mjumbe akamwangalia kwa makini. "Pimbi, tangu nikujue, leo ndiyo mara ya kwanza nakuona umekaa. Unaumwa?"

"Huzuni, Mjumbe. Miguu imeniisha nguvu."

Kakakuona akaandika, akapiga muhuri: pwaa!

Walipopotea tu, Pimbi aliruka juu kama bisi kikaangoni. Akaondoa majani, akayarundika kuzunguka mashina yatunze unyevu. Kila kisiki akakiachia machipukizi mawili yenye nguvu, mengine akayanyofoa. Akatia samadi, akapalilia, akasubiri kwa tabu kweli. Mwaka wa pili yakaja maua meupe, na baada yake buni nyekundu hadi matawi yakainama.

Harufu ya kahawa inayokaangwa ikamfikia Tembo puani. Tii! tii! tii!

"Mibuni yetu imefufuka!" Nyati akanguruma.

Kakakuona aliitwa, akafungua daftari. "Siku ile mlisema ni ya nani?"

Nyati akatazama kwato zake. "Ya Pimbi," akasema.

"Na wanawe?"

"Na wanawe. Na wajukuu zake."

"Karibuni kahawa, wazee wangu!" akasema Pimbi, tayari yuko jikoni, tayari yuko mlangoni. Akawapa kikombe kimoja kwa wawili, wakanywa wamesimama.

Basi, wanangu, hadithi imeiva nami nimeichuma: atamaniye shamba asilolijua, hulikataa kwa mdomo wake mwenyewe.