Brashi Kwenye Banio

Ndugu zangu, kulikuwa na mkulima mmoja, mwenyekiti wa mfereji, mtu msafi kupita kiasi. Kwake ukikuta jani uani, ujue limeanguka sasa hivi.

Siku ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, watu walizoa tope mferejini kama desturi, wakaenda zao. Yeye akabaki na mkewe kwenye banio, yale mawe yanayoukinga mto ili maji yaingie mferejini. Akainama, akaona katikati ya mawe nyavu ndogondogo, na kando ya kila wavu kijidudu kama kiwavi.

Ngojeni kidogo, maana mdudu huyu ananishangaza. Uzi unamtoka mdomoni. Kwa uzi huo anafunga kokoto kwa kokoto, kisha anatega wavu kwenye mkondo mkali, pale ambapo mimi na wewe tungeng'olewa miguu. Mto wenyewe unamletea chakula, vipande vya majani na chembechembe zinazoelea majini. Siku yake ikifika anaota mabawa, anaruka. Nani alimfundisha kusuka? Mungu wetu fundi, jamani.

Basi mwenyekiti akatoa brashi ya waya. Mkewe akamwuliza, "Baba watoto, hao wamekukosea nini?"

"Nyumbani tukiona utando wa buibui si tunafagia? Hapa niuache, watu waseme mwenyekiti mchafu?"

Akasugua jiwe moja moja mpaka yote yakang'aa. Akarudi nyumbani amefurahi.

Ikaja mvua. Wala haikuwa ya kutisha, banio lile lilishavumilia kubwa kuliko hiyo. Safari hii mawe yakaanza kuviringika, moja likamfuata mwenzake. Kulipokucha mto unapita zake, mfereji mkavu, na maharage ya watu ndiyo kwanza yametoa maua. Mwaka mzima wa chakula ulikuwa kwenye maua yale.

Juu kidogo palikuwa na banio la jirani, mtu ambaye mwenyekiti alikuwa akimcheka kwa uchafu. Limejaa nyavu, na limesimama. Mwenyekiti akaenda kuomba maji, kichwa chini.

Jirani akamwambia, "Maji chukua, mwenyekiti. Ila brashi iache nyumbani."

Msije mkatoka hapa mkasema mchungaji amehubiri uvivu. Tope la mfereji tutaendelea kulizoa. Nauliza tu, ni nini kilichokuwa kimeyashika yale mawe?

Na sisi je? Sisi nasi tuna brashi zetu. Nimesikia mnavyosema kuhusu yule mama wa benchi la nyuma. Kwaya haimbi, cheo hana, kuomba mbele za watu hawezi, sasa anafanya nini humu? Haya, mnawakumbuka wale ndugu wawili waliotaka kukatana mapanga kwa ajili ya mpaka wa shamba? Nani alikwenda kwa huyu, akarudi kwa yule, mvua inanyesha, mpaka wakala sahani moja? Leo wamekaa bega kwa bega hapo mbele, na mimi nilikuwa nadhani ni mahubiri yangu.

Tunajiona sisi ndio mawe ya kanisa hili. Sawa, ni mawe. Lakini mawe hayajishiki yenyewe, ndugu zangu. Wekeni brashi chini.