Povu Lililogeuka

Sikilizeni kisa hiki, kisha mnisaidie, maana mimi kimenishinda.

Nje kidogo ya Kigoma aliishi Bibi Nyanzobe, mkamuaji wa mawese, pamoja na wajukuu zake wawili, Bukuru na Ntahondi, na mke wa Bukuru, Mpozenzi. Bukuru aliujua moto kuliko wote pale nyumbani. Ntahondi alikuwa na mikono yenye nguvu. Akishika mwiko, pipa zima linamtii. Mpozenzi hakujua kukamua, ila alikuwa mtu asiyekimbia.

Asubuhi moja pipa kubwa la mawese lilikuwa linachemka mbele ya mlango. Ndani ya nyumba alilala mume wa Bibi, Mzee Kagoma, aliyepooza miguu. Mafuta yalizunguka kama kawaida: yanapanda upande wa uani, yanashuka upande wa mlango, na povu linakusanyika hukohuko mlangoni. Ghafla povu likafura, likamwagikia motoni. Moto ukaruka karibu na paa la nyasi. Mlangoni hapapitiki.

"Atakayemwokoa babu yenu," Bibi akasema, "shamba langu la michikichi ni lake."

Bukuru akaingiza mikono motoni, akavuta magogo ya upande wa uani, yaliyokuwa yakiyapandisha mafuta huko. Ngozi ya viganja ikabaki kwenye kuni.

Ntahondi akazamisha mwiko, akasukuma kinyume cha mzunguko. Mafuta yalimrukia kifuani, hakuuachia.

Mpozenzi akalowesha blanketi, akasimama kati ya moto na nyasi. Blanketi likakauka, likaanza kuungua, naye yupo palepale.

Mara mafuta yakageuka. Yakapanda upande wa mlango, yakashuka uani, na povu likahamia huko, likamwagika mchangani. Moto ukafifia. Mzee akatolewa mzima.

"Nisingeondoa kuni, yasingegeuka," alisema Bukuru.

"Kuni zilitoka, yakaendelea vilevile," Ntahondi akajibu. "Yamegeuka niliposukuma."

"Sawa," Mpozenzi akasema. "Lakini bila blanketi, yangegeuka babu ameshakuwa majivu."

 Wiki iliyofuata walichemsha tena, mbali na nyumba. Mzee Kagoma alikuwa amekalishwa kivulini. Hakuna aliyegusa kuni wala mwiko, upepo haukuwepo. Povu likaondoka upande mmoja, likaenda wa pili. Baadaye likarudi. Wote wakatazamana.

"Hata siku ile," mzee akasema taratibu, "niliona kupitia mlangoni kama mafuta yanaanza kugeuka kabla Bukuru hajagusa kuni. Au ni moshi ulinichoma macho. Sijui."

"Basi shamba nimpe nani?" Bibi akauliza. "Mafuta?"

Hakuna aliyecheka. Bukuru alikuwa bado amefungwa vitambaa mikononi.

"Tugawane," Ntahondi akashauri.

"Nilisema ni lake," Bibi akajibu. "Sikusema ni lenu."

Mpaka leo hajaamua. Nami kila nikidhani nimempata mwenye shamba, nakumbuka maneno ya mzee, navurugikiwa tena. Bukuru, Ntahondi, Mpozenzi, au hakuna? Wewe ungekuwa Bibi Nyanzobe, ungeamua vipi?