Majina Meusi ya Kitulangu

Mleta giza na ahesabu vyeusi.

Mmelisikia neno hilo leo darasani kwa mwalimu wenu Anselma, alipowapa kazi ya kubadilisha rangi za orodha ya majina. Mmekuja kwangu kwa sababu mlipomwuliza limetoka wapi, alifunga kompyuta yake akawaambia, "Nendeni kwa katekista." Amefanya vyema. Mimi nilikuwepo. Msidhani ni la wahenga, halijatimiza hata miaka kumi na mitano. Kaeni niwaeleze lilivyozaliwa. Na wewe Wigbert, punguza kicheko. Hiki si kisa cha kuchekesha.

Parokia yetu ya Kitulangu ni changa, lakini tangu mwanzo ilikuwa na kitabu kikubwa cha waumini, na kitabu hicho kilikuwa na desturi yake. Aliye hai aliandikwa kwa wino wa buluu. Akifa, karani alichukua kalamu nyeusi akalipitia jina lake upya, herufi kwa herufi, huku akimwombea. Karani wetu wa miaka mingi alikuwa Mzee Meinrad Komba. Kazi hiyo hakuifanya hata siku moja akiwa na kofia kichwani.

Tarehe mbili Novemba, Siku ya Marehemu Wote, majina meusi yalisomwa kanisani, yote, kufuata ukoo. Jina likisomwa, ndugu wa marehemu walisimama. Likisomwa linalofuata, walikaa. Ndivyo tulivyowakumbuka watu wetu.

Anselma Hyera alipomaliza masomo yake ya kompyuta alirudi nyumbani, akaiandikia parokia programu ya kutunza majina. Hakuomba chochote, alisema ni sadaka yake. Mzee Meinrad aliikubali kwa sharti moja tu, kwamba rangi zibaki. Basi Anselma akaweka mahali pa kuchagua rangi mbele ya kila jina. Mzee alikaa miezi minne akihamisha kitabu kizima, na kila alipofika kwa marehemu alivua kofia, akachagua nyeusi kwa mkono wake.

Mzee Meinrad naye akafariki. Nafasi yake ikachukuliwa na Mama Osmunda Kapinga. Anselma akamrahisishia kazi. Mtu akifa, Mama Osmunda aliweka alama tu kwenye neno "marehemu", na programu yenyewe ililipa jina rangi ya maandishi yake ya kawaida, ambayo wakati huo ilikuwa nyeusi.

Hapa ndipo mnisikilize vizuri. Machoni weusi ulikuwa mmoja. Ungeweka jina lililowekwa na Mzee Meinrad na lililowekwa na Mama Osmunda sambamba, usingeona tofauti. Lakini ndani ya mashine yalikuwa mambo mawili. Majina mapya yaliambiwa, "Fuateni rangi ya maandishi, iwe yoyote." Majina ya zamani yaliambiwa, "Kuweni meusi, siku zote." Aliyeyajua hayo alikuwa Anselma peke yake, naye alikuwa ameyasahau.

Mama Osmunda alikuwa na maradhi ya macho. Akikaa mbele ya skrini nyeupe nusu saa, machozi yalimtiririka na kichwa kikamgonga. Oktoba ya mwaka ule alimwambia Padri kwamba ataacha kazi. Anselma alipopata habari alikuja ofisini.

"Mama, usiache. Nipe wiki mbili. Nitaigeuza programu sura yake. Pote palipo peupe patakuwa na giza, na maandishi yatakuwa na rangi ya maziwa. Macho yako yatapumzika."

"Utaweza, mwanangu? Au ndiyo utaniharibia na kidogo nilichozoea?"

"Nitaweza. Wewe niombee."

Alifanya kazi nzuri, sitasema uongo. Alipita kila dirisha la programu, kila kitufe, kila mstari wa jedwali, akavipa rangi mpya. Rangi zenyewe alizitafuta mwenyewe. Alikataa weusi wa masizi, akachagua weusi kama udongo uliolowa, kwa kuwa Mama Osmunda alisema hauchomi. Kisha akajaribu. Aliandika jina la kubuni, akaliweka alama ya marehemu, likatokea juu ya giza, safi, linasomeka. Akalifuta. Mama Osmunda akakaa kitini, akatazama saa nzima bila chozi kumtoka. Alimshika Anselma mikono yote miwili. Wakasali Salamu Maria pale pale, nami nikiwa mlangoni nikasali nao.

Wiki ya mwisho ya Oktoba, Mama Osmunda alinakili majina ya marehemu kutoka kwenye skrini hadi kwenye daftari kwa herufi kubwa, kwa kuwa mashine ya kuchapia ilikuwa mbovu na mimi ndiye niliyetakiwa kusoma. Ulikuwa mwaka wangu wa pili tu kuisoma orodha ile.

Sasa niwaambie juu ya Bibi Radegunda Ndunguru. Alikuwa mjane, na mtoto wake alikuwa mmoja tu, Longino. Kijana huyo alikwenda kuchimba dhahabu Chunya, na asubuhi moja akaingia peke yake katika shimo ambalo wenzake walikuwa wamelikimbia. Likamfunika. Hajatolewa mpaka leo. Maneno yakaanza: mbona aliingia akijua? Watu wakasema alijiua. Mpaka kisimani walilisema, mama yake akiwa anateka maji.

Padri wetu wa wakati ule, marehemu Padri Kunibert, aliyakataa maneno hayo mbele ya altare. Alisema hakuna ajuaye kijana alifuata nini mle ndani, na kwamba aombewe kama mkristo yeyote. Akamwamuru Mzee Meinrad alipitie jina la Longino kwa wino mweusi. Bibi Radegunda hakuwa na kaburi la kulipalilia. Alikuwa na jina lile tu. Alilingoja mwaka mzima alisikie mara moja.

Siku ya Marehemu ikafika. Nikasoma. Nilishangaa kidogo kwamba kurasa zilikuwa chache, lakini niwe mkweli, nilifurahi. Koo langu lilikuwa limekauka kwa mafua. Nilipofika ukoo wa Nchimbi, nilimwona Bibi Radegunda akianza kuinuka. Alikuwa mzee, alihitaji muda kusimama, na alijua baada ya Nchimbi huja Ndunguru. Mimi nikasoma Nindi.

Akina Nindi wakasimama. Yeye alikuwa tayari amesimama. Alinitazama. Nikasoma jina lililofuata, na lililofuata. Akakaa polepole, akishika ubao wa benchi.

Nilimwona, wanangu. Nikadhani ananyoosha miguu.

Nje watu walitania. "Leo katekista umetuhurumia, tutawahi chakula!" Wachache waliuliza mbona wazee wao hawakusomwa, wakajijibu wenyewe kwamba ni Padri mpya, labda amepunguza orodha. Hakuna aliyekuja kuuliza ofisini. Hata Bibi Radegunda hakuuliza.

Jumapili ya kwanza hakuja kanisani, na ya pili vilevile. Jumapili ya tatu ilipopita bila yeye, nilikwenda kwake baada ya Misa.

Nilimkuta amelala kwenye mkeka, amekonda. Jirani aliniambia anakula kijiko kimoja cha uji, basi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekuja kunieleza?"

"Nikueleze nini, Bibi?"

"Mmemtoa."

"Tumemtoa nani?"

"Katekista, usinifanye mtoto. Ulitoka Nchimbi ukaenda Nindi. Mimi sijui kusoma, lakini wimbo wa majina yale ninaujua kuliko wewe. Miaka kumi na tisa mwanangu amekaa katikati ya watu wale wawili. Padri Kunibert amekufa, Meinrad amekufa, sasa mmebaki ninyi mnaoamini maneno ya kisimani." Akageukia ukuta. "Mngeniambia tu. Nisingesimama mbele za watu."

Nilitoka pale nikaenda ofisini karibu nikikimbia.

Mama Osmunda alifungua programu, tukatafuta. Tukaona Nchimbi. Chini yake palikuwa na nafasi tupu. Kisha Nindi.

"Hayumo," nikasema.

"Hayumo kweli," akasema Mama Osmunda. "Sijamfuta, katekista. Naapa sijamfuta mtu."

Tulimpigia simu Anselma, akaja. Alitazama pale patupu kwa muda mfupi. Kisha akashika kipanya, akabonyeza juu ya nafasi ile, na mstari wake ukageuka rangi ya kijivu, kama mistari inavyogeuka ukiichagua. Ndani ya kijivu kile kulikuwa na maandishi meusi: *Ndunguru, Longino.*

Akabonyeza pengine. Kinunda. Akabonyeza juu, akabonyeza chini. Komba. Mapunda. Mbunda. Kila palipokuwa patupu palikuwa na mtu. Mwisho akaburuta kipanya tangu juu hadi chini, na wote wakatokea kwa pamoja. Majina mia nne na thelathini na moja, yote ya mkono wa Mzee Meinrad. Yalikuwa meusi kama yalivyoagizwa, na Anselma alikuwa ameyawekea giza nyuma yake.

"Mama," Anselma akasema kwa sauti ndogo, "hizi nafasi hukuziona?"

"Niliziona, mwanangu. Nilidhani umeniachia makusudi, ili macho yangu yapumzike."

Anselma akaweka mikono usoni. Tulimngoja alie, hakulia. Alisema tu, "Nimeleta giza. Sikuhesabu kwanza vilivyokuwa vyeusi." Akalirudia mara ya pili, kama mtu anayesoma hukumu yake.

Siku ileile alizirekebisha rangi, na majina yote yakasomeka. Halikuwa jambo gumu. Lilichukua muda wa kuchemsha chungu cha maharage. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Kesho yake asubuhi alinakili koo zote za herufi N kwenye karatasi, tukaenda pamoja kwa Bibi Radegunda.

Alipiga magoti kando ya mkeka, akaeleza. Alijitahidi sana kutumia maneno mepesi. Alisema kosa ni lake, si la Padri, si la katekista, si la Mama Osmunda. Alisema jina halikutolewa, lilikuwemo muda wote, ila halikuonekana kwa sababu lilikuwa jeusi juu ya weusi.

Bibi Radegunda alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Basi nisomee," akasema.

Anselma akasoma. Nchimbi, wote sita. Ndunguru Longino. Nindi.

Kuku aliingia, akatoka.

"Umelisoma vizuri," Bibi akasema. "Sasa niambie, binti yangu. Umeliandika lini?"

"Sijaliandika mimi, Bibi. Aliliandika Mzee Meinrad."

"Nimelia wiki tatu, katekista akanikuta hivi nilivyo, leo mnaniletea karatasi yenye jina. Mimi mtu nisiyejua kusoma nitajuaje kama jina hili lilikuwepo juzi? Au mmenihurumia?"

"Bibi, nakuapia kwa Mungu."

"Usiape. Mtoto kama wewe asiape." Akamgusa Anselma kichwani kwa mkono uliokuwa mkavu kama ganda la mahindi. "Sikuchukii. Lakini kitu ulichokiona kikitoweka, kikirudi hukijui tena. Nendeni. Nimechoka."

Padri alipanga Misa siku ya Ijumaa, yasomwe majina yote mia nne na thelathini na moja. Tuliagiza vijana wambebe Bibi kwa kiti mpaka kanisani. Alhamisi mchana jirani akaja kutuambia amefariki.

Mmoja wenu anataka kuniuliza, namwona, kama mwishoni aliamini. Sijui. Nimeuliza swali hilo katika sala kwa miaka yote hii, na sijajibiwa. Nina tumaini kwamba huko aliko hahitaji tena kusomewa na mtu. Lakini hapa duniani alikufa akifikiri huenda tumemkana mwanawe. Aliyelifanya hilo alikuwa binti mwema, aliyekuwa akimwonea huruma mwanamke mwenye macho mabovu. Hapakuwa na mwovu hata mmoja katika kisa hiki. Nimetafuta.

Misa ya Ijumaa ilisomwa. Nilisoma polepole, na nilipoona sura za watu wakisimama nilielewa ni wangapi tuliwaacha Novemba ile bila wao kusema neno. Anselma alikaa benchi la mwisho. Tangu hapo, mtu akimletea kazi ya kubadilisha chochote, hata kupaka rangi ukuta wa zahanati, kwanza huuliza kuna nini pale ambacho tayari kina rangi hiyo, na nani alikiweka. Watu walimcheka, kisha wakaanza kulisema neno lake. Siku hizi utamsikia hata mwenyekiti wa kijiji akilisema wanapotaka kuondoa desturi fulani kwa nia njema. Wengi hawajui lilitoka kwa nani.

Ninyi sasa mnajua. Kesho mkiingia darasani msimwambie mwalimu wenu kwamba nimewasimulia yote. Fanyeni kazi aliyowapa, pole pole, jina kwa jina.

Mleta giza, hata awe amelileta kwa huruma, na ahesabu vyeusi.